Mashabiki Waliopanda Jukwaani

Jumapili ya tarehe 21 Oktoba 1962, vijana kadhaa kutoka London na vitongoji vyake walifunga safari ya kama kilomita 300 hadi Manchester, kwenye ukumbi wa Free Trade Hall. Walikwenda kuwatazama wanamuziki Weusi wa Marekani waliokuwa wakizunguka Ulaya na American Folk Blues Festival, na Manchester ndio mji pekee wa Uingereza uliopangiwa ziara hiyo mwaka ule. Jukwaani walikuwapo John Lee Hooker, T-Bone Walker, Memphis Slim na Willie Dixon. Vitini, miongoni mwa watazamaji, walikuwamo Mick Jagger, Keith Richards, Brian Jones na Jimmy Page. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuwa ametimiza miaka 21. Watatu wa kwanza walikuwa na bendi changa iliyokuwa imepanda jukwaani kwa jina la Rolling Stones kwa mara ya kwanza mwezi Julai mwaka huohuo. Wa nne alikuja kuunda Led Zeppelin mwaka 1968. Lakini usiku ule walikuwa mashabiki tu, wakikodolea macho vidole vya watu ambao hadi siku hiyo waliwajua kwa sauti na picha za majalada ya santuri.

Historia ya roki ya Uingereza ya miaka ya sitini husimuliwa kutoka jukwaani kushuka chini. Wanamuziki hodari wanatokea, wanapiga, na umati unapagawa. Shabiki anaingia mwishoni, baada ya kazi yote kwisha, kama mtu wa kushangilia na kulipa. Mimi naona mpangilio huo uko kinyume. Mapenzi ya shabiki ndiyo yaliyotangulia, na muziki ule ulizaliwa ndani yake. Kizazi kile cha wapiga magitaa kilianza kwa kusikiliza, kikasikiliza kwa bidii isiyo ya kawaida, na sehemu kubwa ya kile tunachokipenda katika nyimbo zao hadi leo ni alama ya usikilizaji huo. Anayetaka kuelewa kwa nini nchi iliyokuwa bado inajikongoja baada ya vita iliweza kubadilisha muziki wa dunia ndani ya miaka michache, aanze kwa kuwatazama vijana hawa wakiwa bado chini ya jukwaa.

Kusikia muziki wenyewe kulikuwa kazi. BBC ilibanwa na makubaliano kati yake, chama cha wanamuziki na kampuni za santuri yaliyoweka kikomo cha saa za kupiga santuri redioni, hivyo nyimbo nyingi zilirudiwa hewani na bendi za studio, zikiwa zimesafishwa na kupoozwa. Aliyetaka sauti halisi alingoja giza liingie, akatafuta Radio Luxembourg kwenye masafa ya kati, mita 208, mawimbi yakija na kupotea katikati ya wimbo. Na hata Luxembourg haikuwa na nafasi kubwa kwa bluzi ya Chicago. Jagger, akiwa kijana wa Dartford, aliagiza santuri kwa posta moja kwa moja kutoka kampuni ya Chess huko Chicago. Asubuhi ya tarehe 17 Oktoba 1961, kwenye stesheni ya treni ya Dartford, Richards alimwona akiwa na santuri za Chuck Berry na Muddy Waters. Wawili hao walikuwa wamesoma shule moja ya msingi kisha wakapotezana. Ujirani na utoto haukuwa umewaunganisha tena. Zile santuri zilitosha kuwaunganisha safari moja.

Uhaba huo ulizaa namna yake ya kusikiliza. Hapakuwa na mwalimu wa kufundisha jinsi Muddy Waters anavyotelezesha chuma juu ya nyuzi, wala kitabu cha kueleza kwa nini gitaa la Chuck Berry linajibizana na sauti yake mwenyewe. Kulikuwa na sindano ya gramafoni, iliyorudishwa palepale tena na tena mpaka vidole vikaipata njia. Santuri moja ilitumika kwa miezi, ikaazimwa, ikarudi imechubuka. Matokeo yake yanaonekana kwenye kazi za mwanzo. Albamu ya kwanza ya Rolling Stones, ya Aprili 1964, karibu yote ni nyimbo za Wamarekani. Albamu ya kwanza ya Beatles, iliyorekodiwa sehemu kubwa ndani ya siku moja, tarehe 11 Februari 1963, ina nyimbo 14, na 6 kati yake zilitungwa na watu wengine. Jina lenyewe la Rolling Stones lilitoka kwenye wimbo ambao Muddy Waters aliurekodi mwaka 1950. Na walipofika Chicago Juni 1964, wakarekodi ndani ya studio ya Chess, kibao kimoja cha ala tupu walikiita kwa anwani ya jengo, 2120 South Michigan Avenue. Mwanamuziki wa kawaida haoni sababu ya kuuita wimbo kwa namba ya nyumba. Kwa aliyeisoma anwani ile kwa miaka, tena akaandikiana nayo barua, jina hilo lilitosha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapambo na kwamba sababu za kweli ni za kiuchumi na kiserikali. Hoja yao ina uzito. Jeshi la lazima lilikoma kuita vijana wapya mwishoni mwa 1960, na John Lennon wa Beatles, aliyezaliwa Oktoba 1940, aliangukia upande wa walionusurika. Bila uamuzi huo bendi nyingi zingevunjwa na kambi za jeshi. Marufuku ya kuingiza ala za Marekani iliondolewa mwaka 1959, ununuzi kwa malipo ya kidogo kidogo ukaenea, na mtoto wa fundi akaweza kumiliki gitaa la umeme. Vyuo vya sanaa viliwapokea vijana ambao shule zilikuwa zimewakatia tamaa. Yote hayo ni kweli. Lakini fedha na muda vinaeleza nani aliweza kushika gitaa. Havielezi alipiga nini. Kampuni za santuri za London hazikuwa zikiuza bluzi. Zilikuwa zikiuza waimbaji wenye nywele zilizochanwa vizuri na nyimbo za kuwafurahisha wazazi. Decca iliwasikiliza Beatles tarehe 1 Januari 1962 kisha ikawakataa. Kama soko ndilo lililoongoza, lingeelekea kwingine. Walioelekea huku ni watu waliopenda kitu ambacho hakuna aliyekuwa akiwauzia.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko Ealing, magharibi mwa London. Tarehe 17 Machi 1962 Alexis Korner na Cyril Davies, wenyewe wapenzi wa bluzi wa siku nyingi, walifungua klabu kwenye chumba cha chini ya ardhi mkabala na stesheni ya Ealing Broadway. Chumba kilikuwa kidogo na chenye unyevunyevu uliodondoka kutoka darini. Mpiga ngoma wa bendi yao alikuwa Charlie Watts. Wiki tatu baadaye Jagger na Richards walimkuta hapo Brian Jones wa Cheltenham, akipiga gitaa la kutelezesha kwa mtindo wa Elmore James, na hawakuamini kwamba Mwingereza angeweza kutoa sauti ile. Watu waliofika Ealing kusikiliza ndio waliopanda kuimba, wakashuka, wakampisha mwingine. Huwezi kuonyesha mahali ambapo watazamaji waliishia na wanamuziki wakaanza. Nadhani hakuna chumba kingine Uingereza kilichochangia zaidi katika muziki wa miaka ile, na kilifanya hivyo kwa sababu mpaka huo haukuwapo.

Liverpool ilikuwa na historia yake, na humo shabiki mwenye sauti alikuwa msichana. Klabu ya Cavern, mtaa wa Mathew Street, ilifunguliwa mwaka 1957 kwa ajili ya jazi, lakini kufikia 1961 bendi za magitaa zilikuwa zikipiga hata mchana, saa ya chakula. Wasichana wa ofisini na madukani walishuka ngazi zile kwa muda mfupi wa mapumziko, wakaomba nyimbo kwa majina, kisha wakarudi kazini na harufu ya ukumbi kwenye nguo. Beatles walipiga pale karibu mara 300. Kwa hadhira inayorudi wiki baada ya wiki, bendi hailali: inalazimika kutafuta wimbo mpya na kuacha uliochujuka. Kwa maelezo yake mwenyewe, Brian Epstein, aliyekuwa na duka la santuri la familia, alianza kuwatafuta Beatles baada ya wateja kuulizia wimbo waliourekodi Hamburg wakiwa na mwimbaji Tony Sheridan. Alikwenda Cavern tarehe 9 Novemba 1961. Meneja aliyewafikisha duniani aliletwa na ombi la mteja kaunta.

Mmoja wa wasichana wa Cavern, Freda Kelly, aliajiriwa na Epstein mwaka 1962 akiwa na miaka 17, akawa katibu wa klabu ya mashabiki wa Beatles. Mwanzoni alitumia anwani ya nyumbani kwao, mpaka barua zikaanza kuja kwa magunia. Kila Krismasi kuanzia 1963 hadi 1969 wanachama walitumiwa santuri maalumu iliyorekodiwa kwa ajili yao tu. Watu husoma habari hizi kama mbinu za biashara, na biashara ilikuwamo. Ila zina jambo la ndani zaidi. Angalia nyimbo ambazo Beatles wenyewe walichagua kuziimba kwenye albamu ile ya kwanza: mbili zilikuwa za Shirelles, na moja ya Cookies, vikundi vya wasichana Weusi wa Marekani. Vijana wanne wa kiume wa Liverpool waliimba nyimbo za wasichana bila kuona haya, kwa sababu walizipenda. Mwaka 1964 walimchukua Mary Wells wa Motown katika ziara yao ya Uingereza. Naamini wasichana wa Cavern waliisikia heshima hiyo kabla mwandishi yeyote wa magazeti hajaitambua. Wakosoaji waliowacheka kwamba wanazimia kwa ajili ya nywele tu hawakuwa wamesikiliza kile ambacho wasichana wale walikuwa wakikisikiliza.

Hapa linakuja pingamizi la makelele. Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga kwenye uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, na hawakuweza kujisikia wenyewe. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Agosti 1966, walifanya onyesho lao la mwisho la kulipiwa huko Candlestick Park, San Francisco, na wakaacha ziara moja kwa moja. Je, hayo si mapenzi yaliyoua kilichopendwa? Swali ni la haki, ila lawama imeelekezwa kwa wasiostahili. Vipaza sauti vya wakati ule vilitengenezwa kwa kumbi, si kwa viwanja vya michezo, na jukwaani hapakuwa na spika za kumrudishia mwimbaji sauti yake. Walioamua kupanga viwanja hivyo ni mapromota. Tena ushahidi upo kwamba hadhira ya Beatles iliweza kusikiliza. Tarehe 4 Aprili 1963 walipiga katika shule ya wavulana ya Stowe, na mwanafunzi mmoja akarekodi kwa tepu. Rekodi hiyo ilijulikana hadharani mwaka 2023, na ndani yake bendi inasikika waziwazi, wavulana wakiomba nyimbo na kupiga kelele za furaha. Bila mpenzi mmoja wa muziki na mashine yake, tusingekuwa na ushahidi huo.

Kuacha ziara nako hakukuwatenga na mashabiki kama inavyodhaniwa. Wasichana waliendelea kukusanyika nje ya studio ya EMI mtaa wa Abbey Road, jua na mvua. Jumapili ya tarehe 4 Februari 1968 Paul McCartney alitoka nje kuuliza kama kuna anayeweza kushikilia noti ya juu. Wawili waliingia: Lizzie Bravo, msichana wa miaka 16 kutoka Brazil, na Gayleen Pease wa London. Waliimba kiitikio cha wimbo wa Lennon, Across the Universe, na toleo lenye sauti zao lilitoka Desemba 1969 kwenye albamu ya kuchangia uhifadhi wa wanyamapori. Wimbo huo uliporekodiwa Beatles walikuwa bendi maarufu kuliko zote duniani, lakini mlango ulikuwa bado unafunguka kutoka ndani.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wizi. Vijana Weupe wa Uingereza walichukua muziki wa watu Weusi wa Mississippi na Chicago, wakatajirika nao, huku wenye muziki wakizeeka na bili za hospitali. Anayeupenda muziki huu hana haki ya kulipita swali hili kwa haraka. Mfano ulio wazi ni wa Willie Dixon, yuleyule aliyekuwa jukwaani Manchester mwaka 1962. Alitunga wimbo uitwao You Need Love, Muddy Waters akauimba. Mwaka 1969 Led Zeppelin walitoa Whole Lotta Love bila jina la Dixon. Mwaka 1985 akafungua kesi, ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 1987, na jina lake likaongezwa kwenye wimbo. Hapa mapenzi hayawezi kuwa utetezi. Yanaongeza uzito wa kosa, kwa maana Page, aliyekaa gizani Manchester akimtazama Dixon, alijua fika ni nani.

Hata hivyo si kila aliyependa alinyamaza. Rolling Stones waliporekodi Little Red Rooster, wimbo wa Dixon ulioimbwa kwanza na Howlin' Wolf, waliutoa kama santuri ndogo dhidi ya mantiki yote ya soko la pop, ukafika namba moja Uingereza Desemba 1964, na mtunzi akatajwa. Mei 1965, walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani cha Shindig!, walisisitiza Howlin' Wolf awemo. Mzee huyo wa miaka 54 akaimba huku wao wameketi miguuni pake, mbele ya watazamaji Wamarekani ambao wengi wao hawakuwa wamemsikia mtu huyo aliyeishi nchini mwao. Cream, bendi nyingine ya Uingereza, walipourekodi wimbo wa Skip James mwaka 1966, mrabaha wake ulimsaidia mzee huyo katika gharama za matibabu miaka yake ya mwisho. Na Beatles waliposikia kwamba uwanja wa Gator Bowl huko Jacksonville, Florida, ungetenga Weusi na Weupe, walitangaza kwamba hawatapiga. Tarehe 11 Septemba 1964 walipiga mbele ya umati usiotengwa. Siwezi kusema kwamba mizani imekaa sawa. Ninachoweza kusema ni kwamba historia hii haina makundi mawili, wezi huku na wapenzi kule. Walikuwa watu walewale, na kila mara kilichowatenganisha ni kama walikuwa tayari kulitaja jina la waliyemsikiliza.

Wapo pia wanaosema kuiga si kuumba, na kwamba vijana hawa hawakuwa na chao. Jibu liko kwenye kushindwa kwao kuiga. Dave Davies wa Kinks, akiwa na miaka 17, aliichana kwa wembe karatasi ya spika ya kikuza sauti chake kidogo, akitafuta mkwaruzo ambao vifaa vya madukani havikuutoa. Sauti iliyotoka ilisikika kwenye You Really Got Me mwaka 1964, na haikufanana na kitu chochote cha Chicago. Vivyo hivyo Jim Marshall, mwenye duka la ala huko Hanwell, alianza mwaka 1962 kutengeneza vikuza sauti kwa kufuata mfano wa Fender wa Marekani. Kwa kuwa vipuri vilikuwa tofauti, ngurumo nayo ikawa tofauti, na Pete Townshend wa The Who akaja kumwomba kubwa zaidi. Mwenye kupenda huijua sauti anayoitafuta kiasi cha kutoridhika na iliyopo, naye asipoifikia huishia mahali papya.

Townshend huyo alisoma chuo cha sanaa cha Ealing. Miaka michache baada yake aliingia hapo kijana aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, ambaye familia yake ilihama Zanzibar mwaka 1964 baada ya mapinduzi na kukaa Feltham, pembeni mwa London. Alisomea usanifu wa picha na kuhitimu mwaka 1969. Shujaa wake mkuu alikuwa Jimi Hendrix, Mmarekani Mweusi aliyeletwa London Septemba 1966 na Chas Chandler, mpiga besi wa The Animals, bendi nyingine iliyokulia kwenye santuri za bluzi. Bulsara alimchora Hendrix tena na tena na kwenda kumtazama kila alipoweza. Hapo njia za mapenzi haya zinapindana kwa namna ambayo hoja ya damu na asili haiwezi kuieleza: muziki wa Mississippi, uliosomwa na Waingereza kwenye santuri zilizochubuka, ukarudishiwa moto London na Hendrix, mtoto wa Seattle, ukampata Bulsara, Mparsi wa Forodhani na Mji Mkongwe. Chuoni Ealing alifahamiana na Tim Staffell, mwimbaji wa bendi iitwayo Smile, akaanza kuhudhuria mazoezi na maonyesho yao na kuwaeleza wenzake, Brian May na Roger Taylor, jinsi wanavyopaswa kuvaa na kusimama mbele ya watu. Staffell alipojitoa mwaka 1970, nafasi ya mwimbaji ikaenda kwa shabiki huyo mwenye maoni mengi. Alijiita Freddie Mercury, na jina jipya la bendi, Queen, lilikuwa pendekezo lake.